Mhariri, picha zenu za Muir mmezikata milima

Ndugu Mhariri,

Salaam. Naandika kuhusu ile makala yenu ya picha mbili za mto wa barafu wa Muir kule Alaska (yaani barafu nzito inayoteremka taratibu kutoka milimani), ile ya 1941 na ile ya 2004, na kwanza nishukuru maana ni nadra gazeti la Kiswahili kutoa kurasa mbili nzima kwa hifadhi ya Glacier Bay, sehemu ambayo wengi wetu hata ramani ukitupa tutahangaika kuigusa kwa kidole. Ila picha mmezikata juu. Sijui ni mpanga kurasa au nani, lakini vilele vyote vimeondoka mmebakiza barafu na maji, na kwenye hifadhi ile ukiondoa vilele umeondoa jibu lenyewe, ndo maana wiki iliyofuata ukurasa wa barua ukawa vita. Upande mmoja unasema barafu yote kule imekwisha, dunia inaungua. Upande wa pili unasema mbona barafu ya kule ilianza kurudi nyuma kabla hata gari halijatengenezwa, kwa hiyo hizi habari za tabianchi ni za kutuzuga. Wamesoma makala moja hao! Na kila mmoja kashika nusu ya ukweli anaipigia kelele.

Mi sio profesa. Nilikuwa mtu wa jikoni kwenye meli za watalii, na majira ya kiangazi njia yetu ilikuwa ni hiyo hiyo, unaingia Glacier Bay alfajiri, maaskari wa hifadhi wanapanda melini kutokea kituo chao cha Bartlett Cove kwa boti ndogo, mchana meli inasimama mbele ya mto wa barafu wa Margerie inajizungusha taratibu ili kila upande waone, jioni mnatoka. Wale maaskari wakishamaliza kuongea na abiria walikuwa wanashuka kula na sisi wafanyakazi, na maswali waliyokuwa wanajibu mezani yalikuwa mazuri kuliko ya juu, maana huku chini hakuna anayeogopa kuuliza. Mengi ya haya nimeyapata pale, mengine nimesoma baadae.

Sasa tuanze na wale wa kabla ya magari, kwa sababu tarehe zao ni za kweli na tusiwabishie kwa kitu ambacho wako sahihi. Mwaka 1794 msafara wa baharia Mwingereza George Vancouver ulipopita pale, yule luteni wake Joseph Whidbey hakukuta ghuba ya maana. Alikuta kama kijighuba tu cha kilomita chache pwani na nyuma yake ukuta wa barafu. Barafu ile ilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 160, upana kama kilomita 30, na unene sehemu nyingine unafika mita 1,200. Yaani pale ambapo leo meli ya ghorofa kumi na kitu inapita na watu wanakunywa kahawa palikuwa ni barafu tupu. Mwaka 1879 mwanaasili John Muir, yule ambaye mto wa kwenye picha una jina lake, anafika na mtumbwi, anaongozwa na Watlingit, wenyeji wa kule, anakuta barafu imeshajitoa makumi ya kilomita na ghuba ipo. Kufika 1916 ule mto mkubwa wa barafu, Grand Pacific, uko mwisho kabisa wa ghuba, karibu kilomita 100 kutoka pale Whidbey alipouona. Kwa hiyo ndio, sehemu kubwa ya safari ile ya kurudi nyuma ilifanyika kabla ya magari kujaa duniani, hilo halina ubishi na gazeti mlipaswa kulisema wenyewe kuliko kuacha msomaji alitoe kama siri mliyoficha.

Lakini kwa nini ilirudi haraka namna ile, hapo ndo wale ndugu zetu wanapoishia njiani. Mto wa barafu unaoishia baharini sio sawa na ule unaoishia nchi kavu. Huu wa baharini unasukuma mbele yake kifusi, mawe na mchanga na tope, na kifusi kile kinakaa chini ya maji kama kizingiti, barafu inaegemea pale na inaweza kukaa miaka mingi tu imetulia. Ikitokea imekonda kidogo ikaachia kizingiti, nyuma yake kuna maji ya kina kirefu, na kwenye maji ya kina barafu haina pa kushika, inamegeka, inamegeka, inakimbia nyuma mpaka ikute tena mahali pembamba au penye maji ya kina kifupi. Ndicho kilichotokea Glacier Bay. Kile kipindi cha baridi cha karne kadhaa kilichofika kilele chake kule kama mwaka 1750 kilipolegea kiliilegeza barafu kidogo tu, na kina cha bahari kikamalizia kazi. Sasa ukichukua mwenendo huo wa barafu ya baharini ukasema umekanusha joto la leo unakuwa umechanganya mambo mawili, na ukichukua mwenendo huo huo ukasema kilomita zote 100 ni moshi wa magari umechanganya vile vile. Makala yenu ilifanya hili la pili. Haikusema wazi, ila iliacha msomaji aelewe hivyo.

Haya, sasa vilele.

Ukitazama ramani ya hifadhi, upande wa magharibi kati ya ghuba na bahari kuu ya Pasifiki kuna safu ya Fairweather. Mlima Fairweather wenyewe una mita 4,671, na uko kwenye mpaka wa Alaska na British Columbia ya Canada. Mtu atasema mbona Kilimanjaro ni mrefu kuliko huo, sawa, lakini kutoka kilele cha Fairweather hadi maji ya chumvi ni kama kilomita 20 na ushee tu. Hakuna uwanda hapo katikati, hakuna vilima vya kukuandaa, ni bahari halafu ni ukuta. Una jirani zake, Crillon wenye mita 3,879, La Perouse, na wengine kibao ambao wangekuwa nchi nyingine wangekuwa na picha kwenye noti. Waliofika kileleni Fairweather mara ya kwanza ni Allen Carpé na Terris Moore mwaka 1931, na walipigwa na dhoruba kwanza, maana hewa ya pale haina adabu. Siku nyingi mlima hauonekani kabisa. Kuna abiria wameenda na kurudi wakiwa wameona miguu ya milima tu, kuanzia kiunoni kwenda juu ni wingu.

Na wingu hilo ndio chakula cha barafu. Upepo unatoka Pasifiki umebeba unyevu, unakutana na ukuta ule, unalazimika kupanda, huko juu unapoa, unaangusha. Chini pale Bartlett Cove inakuwa mvua, karibu milimita 1,800 kwa mwaka, ila juu inakuwa theluji, na theluji ya mwaka huu inalalia ya mwaka jana ambayo haijaisha, inagandamizwa mpaka inakuwa barafu, na barafu ikishakuwa nzito inaanza kuteremka kwa uzito wake yenyewe. Margerie una urefu wa kama kilomita 34 na unatembea kama mita 2 kwa siku. Hata kama huoni ukitembea unausikia. Watlingit wana jina la ule mlio wa barafu ikivunjika, wanauita radi nyeupe, na kweli mlio unakufikia umechelewa, unaona pande limeshaanguka na maji yameshainuka ndo unasikia mshindo, wapishi wapya walikuwa wanadhani kuna kitu kimegonga meli. Uso wa Margerie ni mita kama 75 juu ya maji na nyingine kama 30 chini. Mapande madogo yakielea karibu na meli kule nyuma tulikokuwa tunapumzikia yalikuwa yanachachatika kama soda iliyofunguliwa sasa hivi, ni hewa ya zamani iliyobanwa ndani ya barafu inapasuka kidogo kidogo. Na rangi ni bluu, sio nyeupe kama mlivyochapa, barafu iliyobanwa sana inameza mwanga mwekundu inakuachia bluu. Ila rangi ya gazeti naelewa, wino ni gharama.

Kinachofuata ndicho hasa kilichonifanya niandike, naomba mkisome taratibu.

Mto wa Muir, wa kwenye picha zenu, uko upande wa mashariki wa ghuba. Milima inayoulisha ni mifupi. Margerie na Johns Hopkins iko magharibi, inalishwa na safu ya Fairweather. Ghuba moja, hifadhi moja, bahari moja, ila kati ya 1941 na 2004 Muir ulirudi nyuma zaidi ya kilomita 11 na barafu ikapungua unene zaidi ya mita 800, wakati kwa sehemu kubwa ya karne hiyo hiyo Johns Hopkins ulikuwa unasogea MBELE na Margerie umetulia tu. Grand Pacific nao kwenye miaka ya 1920 ulirudi mpaka ukavuka mpaka ukaingia Canada, Wacanada wakawa karibu wapate bandari ya bure, halafu ukabadili mawazo ukarudi Alaska. Sasa mtu akiona picha za Muir peke yake anasema barafu yote imekwisha. Mtu akipelekwa mbele ya Johns Hopkins peke yake anasema barafu inaongezeka, mnatudanganya. Wote wawili hawajainua macho kutazama juu. Ukiacha kile kizingiti cha baharini, kinachoamua ni urefu wa mlima unaolisha, yaani eneo kiasi gani la mto liko juu kule ambako hata Julai inaanguka theluji badala ya mvua. Mwenye ghala juu sana anahimili, mwenye ghala chini anafilisika mapema. Ndio maana nalalamika mmekata vilele.

Na hapo hapo niwageukie wale wa kabla ya magari kabla hawajashangilia. Muir uliacha kugusa bahari mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tangu hapo umeishia nchi kavu, hakuna tena habari ya kizingiti wala kina cha maji wala kumegeka. Na bado unapungua! Sasa bahari haipo utamlaumu nani? Hapo kilichobaki ni hesabu ya theluji inayoingia na maji yanayotoka, na hesabu hiyo inakataa kwa sababu hewa imepata joto na ule mstari wa theluji, yaani pale theluji inapoanza kudumu mwaka mzima, umepanda mlimani, kwa hiyo milima mifupi inazidi kuachwa chini ya mstari. Sehemu kubwa sana ya mito ya barafu ya Alaska inakonda sasa, ya baharini na ya nchi kavu kwa pamoja, na hata Margerie miaka ya karibuni nao umeanza kulegea. Kwa hiyo safari ya 1794 mpaka 1916 ina maelezo yake na ya leo ina yake. Mtu anaweza kukubali zote mbili bila kuumwa kichwa.

Kuna jambo mlilipita kwa sentensi moja ambalo mimi ningelipa nusu ukurasa, nalo ni hiyo milima kuporomoka. Mlisema eti mandhari ni ya utulivu. Utulivu! Tarehe 9 Julai 1958 tetemeko la ukubwa wa 7.8 lilipiga ule mpasuko wa Fairweather unaopita chini ya safu, na kwenye ghuba ndogo ya Lituya, upande wa nje wa hifadhi unaotazama Pasifiki, bega la mlima likaanguka majini. Maji yakapanda upande wa pili mpaka mita 524. Sijakosea kuandika, mita mia tano ishirini na nne, yaling'oa msitu mpaka mwamba ukabaki uchi, na mstari wa miti michanga na mizee unaonekana hadi leo. Kulikuwa na boti tatu za uvuvi mle ghubani usiku ule. Moja ilizama na watu wake wawili, ya pili ilirushwa juu ya ulimi wa nchi ikapelekwa nje baharini na mume na mke waliokuwemo wakaokoka, ya tatu baba na mtoto wake wa kiume wakalipanda wimbi lenyewe na wakatoka wazima. Na hiyo ghuba ilikuwa na deni la zamani, 1786 baharia Mfaransa La Pérouse alipoteza watu 21 pale mlangoni kwa mkondo wa maji, na kilele cha La Perouse kina jina lake.

Msidhani ni mambo ya kale. Juni 2016 upande wa mlima uliporomoka juu ya mto wa barafu wa Lamplugh, zaidi ya tani milioni 100 za mawe, zikateleza kama kilomita 10 juu ya barafu, na aliyegundua kwa macho ni rubani wa ndege ndogo aliyekuwa anapita zake. Meli za abiria zinapita mbele ya Lamplugh. Barafu ikikonda inaachia kuta ambazo ilikuwa inazishikilia, na ile iliyoganda ndani ya nyufa za miamba huko juu ikilegea mlima nao unalegea. Habari kama hii inamhusu mtu anayelipa hela nyingi kwenda kule kwa meli kuliko ile aya yenu ya chakula cha melini, ambayo kama mtu wa jikoni niliifurahia lakini sio kiasi hicho.

Halafu mmeandika pori ambalo mguu wa binadamu haujawahi kuishi. Hapana, hapana. Wahuna Tlingit walikuwa na vijiji mle kabla ya barafu kushuka. Masimulizi yao yanasema barafu ilikuja mbio mbwa anavyokimbia, ikawatoa, wakavuka maji wakajenga palipo Hoonah ya leo, na wataalamu wakipima miamba na miti iliyozikwa wanakuta masimulizi yanaenda sambamba na kipindi kile cha miaka ya 1700. Mlima Fairweather wao wanauita Tsalxaan na wanauhesabu kuwa wa ukoo. Barafu ilipoondoka walirudi kuvua, kuwinda sili, kuokota mayai ya shakwe. Kisha 1925 Rais Coolidge akatangaza eneo kuwa la taifa, kwa sehemu kubwa kwa juhudi za mwanamimea William Cooper aliyekuwa anafuatilia jinsi mimea inavyorudi kwenye ardhi iliyoachwa na barafu, 1980 ikawa hifadhi kamili, na katikati ya hayo yote wenyeji wakajikuta kuokota mayai kwenye visiwa vya babu zao ni kosa. Mwaka 2014 ndo ikapita sheria ya kuwaruhusu tena mayai. Agosti 2016 ikafunguliwa nyumba yao ya ukoo pale Bartlett Cove, ya mbao zilizochongwa, na mitumbwi ilikuja kutoka Hoonah. Watu wamefukuzwa na barafu, wakarudi, wakafukuzwa na karatasi, wakarudi, na gazeti la Kiswahili linaandika hawajawahi kuwepo. Sisi tena, ambao hadithi za hifadhi na wenyeji tunazijua mpaka tumechoka.

Ardhi yenyewe nayo inapanda, hili ni dogo ila linanifurahisha. Uzito wa barafu ulipoondoka nchi ikaanza kujinyanyua, hapo Gustavus kijiji cha jirani inapanda kama sentimita 3 kila mwaka, kuna watu wamepata viwanja kwenye sehemu ambayo babu zao waliijua kama ufukwe, na kuna mtu kaweka uwanja wa gofu. Kila mahali duniani watu wanalia bahari inapanda, hawa wanaongezewa kiwanja.

Masahihisho madogo nimalizie. Maelezo ya picha yameandika "mlima Muir", ule ni mto wa barafu. Mmeandika kiingilio cha hifadhi ni ghali, hifadhi ile haina kiingilio, gharama ni kufika, maana barabara ya kwenda kule haipo, ni ndege au boti tu kutokea Juneau. Meli kubwa haziruhusiwi kuzidi mbili kwa siku, na kwenye mkono wa ghuba unaoelekea Johns Hopkins haziingii kuanzia Mei mpaka mwisho wa Agosti kwa sababu sili wanazalia juu ya mapande ya barafu, kwa hiyo msomaji wenu akipanga safari ya Julai kwa kufuata ile picha kubwa ya ukurasa wa kwanza atarudi analalamika.

Ombi langu ni moja. Zile picha mbili, ya William Field ya 1941 na ya Bruce Molnia ya 2004, zirudieni zikiwa kamili bila kukatwa, na pembeni yake wekeni picha yoyote ya Johns Hopkins siku ambayo Crillon umejitokeza mawinguni, na ramani ndogo yenye urefu wa vilele kwa mita, mashariki na magharibi. Haihitaji kurasa mbili, robo inatosha. Na barua za wale ndugu wawili waliokuwa wanatukanana ziwekeni chini yake, wajisomee wenyewe.

Wasalaam,
Msomaji wenu, mpishi wa meli aliyestaafu